Sijambo, Ila Naumwa

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, nikaambiwa darasa liko ghorofa ya nne na lifti ni mbovu. Huu ni mwaka wa sita nafundisha Kiswahili kwenye chuo kikuu cha ugenini, vipindi ishirini na viwili kwa wiki, katika majengo matatu, na ofisi yangu ni chumba cha mashine ya fotokopi. Mtu akija kutoa nakala nasimama nimpishe. Walimu wenyeji wakiugua wanalala nyumbani na wanatumiwa kadi ya pole. Sisi wageni tuna kifungu cha tisa: ugonjwa uripotiwe siku hiyo hiyo kabla ya saa tatu asubuhi. Ukikosa siku tatu bila kuripoti, mkataba hauongezwi. Mkataba ukifa, kibali cha kuishi nacho kinakufa, na una mwezi mmoja wa kufungasha virago.

Mwezi mmoja! Binti yangu kitindamimba, ninayeishi naye hapa, amebakiza mwaka amalize sekondari. Alianza shule hapa akiwa hajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni, leo ndiye anayeongoza darasa. Nikiondolewa anaondoka nami bila cheti, akaanze upya kwa masomo asiyoyajua. Kwa hiyo tangu nije sijawahi kuugua. Nimekohoa, nimechechemea, nimefundisha ngeli huku jino linanipiga usiku na mchana, lakini kuugua, hapana.

Safari hii kifua kilikataa. Jumatatu niliamka macho mazito, homa imepanda, kila pumzi inanichoma ubavu wa kushoto. Binti yangu alikuwa ameshaenda shule. Saa mbili na nusu nikapiga simu idarani, akapokea Bibie Mihuri.

Hilo ni jina tulilompa mimi na binti yangu, maana karatasi haipiti mezani kwake bila kugongwa. Ni karani wa idara, mwanamke mwema asiye na baya na mtu. Mwaka jana alihudhuria darasa langu la jioni la wafanyakazi kwa wiki sita, akazijua salamu, akaishia hapo. Tangu hapo kunisalimu kwa Kiswahili ndiyo starehe yake.

"Shikamoo, mwalimu!" akachangamka.

"Marahaba."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Ila leo naumwa, mwenzangu. Hata kusimama siwezi."

"Asante sana! Kwaheri!" Akakata.

Nikajifunika blanketi nikiwa na amani ya mtu aliyetimiza kifungu cha tisa. Utaniuliza kwa nini sikusema kwa lugha yao, na mimi naijua vizuri tu. Homa ikipanda, lugha za kujifunza ndizo zinazokukimbia kwanza. Asubuhi ile nilibaki na ile niliyonyonya kwa mama.

Siku ya nne binti yangu alinikokota mpaka hospitali. Daktari akaitazama picha ya kifua, akasema ni nimonia, na kuna maji kwenye pafu. Nipumzike wiki sita, nisipande ngazi, nisipaze sauti. Nikikaidi, pafu hilo halitarudi kuwa pafu. Akaniandikia cheti. Kesho yake ikaja barua ya idara: siku nne hukuonekana kazini, njoo ujieleze leo hii.

Nilikwenda. Ghorofa nne nilizipanda nikipumzika kila ngazi ya tano, kama bibi kizee.

Chumbani walikuwa watatu: mkuu wa idara, afisa utumishi, na Bibie Mihuri na daftari lake. Afisa akamwamuru asome.

"Jumatatu, saa mbili na nusu," akasoma. "Mwalimu amepiga simu. Anasema ni mzima."

Nilicheka. Sikutaka kucheka, lakini nilicheka, na kicheko kikazaa kikohozi hadi wakaniletea maji.

"Ulisema u mzima, au hukusema?" akauliza afisa utumishi.

"Nilisema sijambo. Hiyo ni salamu."

"Maana yake nini?"

"Kwamba sina jambo."

"Na ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo." Niliona ninavyojichimbia kaburi kwa sarufi yangu mwenyewe. "Lakini kwetu mtu haanzi na ugonjwa. Hata mahututi ukimwuliza hujambo, atakujibu sijambo kwanza. Halafu anasema ila. Mambo yote yako baada ya ila."

"Kwa hiyo mnaanza kwa uongo."

"Si uongo. Ni adabu."

Mkuu wa idara akamgeukia karani. "Ulimsikia akisema hiyo ila?"

Bibie Mihuri aliinamisha uso. "Alisema maneno mengi. Nilidhani ananitakia siku njema." Kisha akanitazama, machozi yanamlengalenga, akasema kwa Kiswahili, "Samahani, mwalimu."

Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. "Usijali," nikamwambia. "Magonjwa ni somo la wiki ya saba. Wewe uliishia ya sita."

Mkuu wa idara alitabasamu. Si mtu mbaya, amechoka tu, kama sisi sote mle ndani. Akachukua kalamu, akaufuta ule mstari, akaandika mgonjwa siku nne, akatia sahihi. Moyo wangu ukatua. Nikamwona binti yangu amevaa sare kwa mwaka mmoja zaidi.

Afisa utumishi akafungua ukurasa mwingine.

"Kifungu cha kumi na moja," akasema. "Mkataba wa mgeni huongezwa kwa mwalimu mwenye afya njema tu. Fomu zinafungwa leo saa kumi. Tumekubali kwamba ulikuwa mgonjwa. Sasa, umepona?"

Cheti cha daktari kilikuwa kwenye mkoba, mkoba uko mapajani, mkono wangu uko juu ya zipu. Wiki sita. Mwezi mmoja. Nilimtazama mkuu wa idara, naye akatazama dirisha. Nilikasirika, nikataka kuwatupia kile cheti mezani niondoke zangu, lakini hasira ya mama mwenye mtoto shuleni haiendi mbali.

Bibie Mihuri aliona nasita. Maskini, alidhani lugha imenikimbia tena. Akaniinamia, akaniuliza taratibu, kwa matamshi safi niliyomfundisha mwenyewe:

"Hujambo, mwalimu?"

"Sijambo," nikasema.

Neno hilo nimelisema nikiwa na njaa, nimelisema msibani, nimelisema nikiwa na uchungu wa kuzaa, na halikuwahi kuwa uongo, kwa sababu kila aliyeniuliza alingoja kusikia yanayofuata. Mle chumbani hakuna aliyengoja. Bibie Mihuri akatabasamu, akaandika mzima, akagonga muhuri. Jumatatu saa mbili nilikuwa ghorofa ya nne.