Birika la Marhun

Bomba la maji lilipofika Ibra, huku Omani, watu waligeuka mabwana. Waliosha magari mpaka njia ikawa tope, na visima vilivyowalea wakavitupia matairi mabovu. Bi Balqis hakusahau kisima hata kimoja, wala jina la aliyekifukia. Na sasa, mwaka 2006, zamu ilikuwa imefika uani kwake. Mwanawe Muatasim alikuwa ameagiza lori la kifusi lije baada ya alasiri, lijaze birika la maji ya mvua la babu yake, marehemu Marhun, pajengwe kibanda cha gari.

"Mama, tangu lije bomba hatujateka humo hata kopo," Muatasim alimwambia asubuhi.

"Na wewe tangu upate gari hutembei. Tukukate miguu?"

Muatasim alicheka akenda zake. Kicheko kile ndicho kilichomkereketa Balqis.

Marhun alilichimba mwenyewe walipokuja kutoka Unguja, mfano wa birika la nyumba yao ya mtaa wa Malindi kule. Majirani walimcheka: huku mvua inanyesha lini? Hakuwajibu. Aliiinamisha sakafu ya ua kidogo kidogo, tone lisipotee njia, akapaka kuta chokaa na kuisugua mpaka ikawa laini kama ganda la yai. Akatia visamaki vya falaji, ule mfereji wa mashambani, vipate kula viluwiluwi vya mbu. Balqis, bintiye, ndiye aliyempokeza ndoo za chokaa, na harufu yake bado alikuwa nayo puani.

Alasiri akaingia Rawya, binti wa Muatasim, na kompyuta yake kwapani.

"Shikamoo, bibi. Nisikilize. Kesho nasema darasani, habari ya Wamaya wa kale, kule Amerika ya Kati."

"Marahaba. Sema, mimi darasa langu ni mkeka huu."

Rawya akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, Kiarabu kikijaza mapengo. Sehemu nyingine za nchi yao hazikuwa na mito. Basi walichimba mashimo kama chupa, mdomo mwembamba, tumbo pana, wakayapaka chokaa ndani. Viwanja vya miji yao vilikuwa na mwinamo, mvua ishuke kwenye mabwawa. Yungiyungi likinawiri bwawani, walijua maji ni mazuri.

"Sisi tulikuwa na samaki," alisema Balqis. "Na chokaa waliichoma kwa kitu gani?"

"Kwa kuni. Walikata miti mingi, bibi. Halafu ukame ukaja, na wafalme wao wakawa wanapigana. Miji ikabaki mitupu."

Balqis aliiona nyumba ya Malindi, kahawa imeachwa juu ya jiko siku walipoikimbia.

"Wakafa wote?"

"La. Wapo mpaka leo. Wanalima mahindi, wanasema lugha zao."

"Ahaa. Waliacha majumba tu," alisema Balqis. "Kama sisi."

Lori likanguruma mlangoni, Muatasim mbele yake. Rawya akamtazama bibi yake, akavua viatu, akafunua birika na kushuka kwa ngazi, kamera shingoni.

"Toka humo," alisema Muatasim. "Dereva anangoja."

"Baba, kuna maji. Njoo uone."

"Nalijua. Nilikuwa nikiteremshwa kila mwaka kulisugua."

"Basi shuka, au unaogopa tumbo halitapita?"

Dereva akageuza uso kuficha kicheko. Muatasim akakunja kanzu, akashuka. Balqis akaukaribia mdomo wa birika. Kwanza hakusikia kitu. Kisha mwanawe akaliita jina lake mwenyewe, polepole, kama alivyokuwa akifanya utotoni, na birika likamrudishia. Akaita tena. Mara ya tatu hakujiita yeye. Aliita, "Babu."

Alipopanda, kanzu ilikuwa na chokaa mgongo mzima na maji mpaka magotini. Hakumtazama mama yake. Alimwendea dereva.

"Kakimwage kwingine. Nitakulipa safari yako."

"Na gari, bwana?"

"Lilale nje. Limezaliwa nje."

Balqis aliingia ndani kutafuta ufagio wa mtende, maana ukuta wa upande wa kibla ulikuwa umeota kijani, na wa kuteremshwa kuusugua yuko papo hapo, kanzu yake tayari imeshachafuka.