Kidevu cha Amparo

Doña Eduviges aliingia na matoleo mawili ya gazeti letu, moja la zamani na moja la juma lile, akayabwaga mezani kwangu. Nusura wino umwagike.

"Chole, hebu tazama. Huyu nani?"

"Amparo."

"Na huyu?"

"Amparo huyo huyo."

"Amparo gani mwenye videvu viwili?"

Nilitaka kubisha, maana kubisha nakuweza, lakini videvu vilikuwepo.

Amparo Solís, mshona nguo wa Puebla katika hadithi yetu ya picha, ni msichana tangu tuanze kumchora, na nilipomchora mara ya kwanza hata mimi nilikuwa msichana. Kila juma anapendwa, anadanganywa, anakaribia kuolewa, na watu wanamlilia kuanzia kwa kinyozi hadi soko la Merced. Doña Eduviges ndiye mhariri na ndiye anayetunga kisa. Mume wangu Nabor huchora miili, nyumba na farasi. Mimi nyuso. Sasa wasomaji walikuwa wameanza kulalamika. Mmoja wa Toluca aliuliza kama Amparo ana mimba. Mwingine alitaka kujua huyu shangazi ametokea wapi.

"Mbona farasi wa Nabor ni yule yule?" Doña Eduviges akasema. "Hajaongeza hata unywele."

"Farasi hana machungu, Doña."

Nabor akachekea puani. Nilimkata jicho, akainamia farasi wake.

"Alhamisi nirudishie Amparo wangu. Ukishindwa, nyuso namkabidhi mumeo."

Nabor! Mtu asiyejua tofauti ya kulia na kupiga chafya! Nikayapanga matoleo ya zamani mbele yangu, nikaanza kuiga mstari kwa mstari. Kidevu kikarudi. Nikafuta, kikarudi tena. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka, nikalaumu kalamu, nikalaumu taa, nikamlaumu Nabor kwa kupumua kwa sauti.

"Ni hicho kioo chako cha mezani, Chole," akasema.

"Kioo kimefanya nini?"

"Ukitaka Amparo alie, unalia humo kwanza. Akinuna, umeshanuna wewe. Nakutazama miaka yote. Hapa aliyenenepa si Amparo."

Nikamrushia kifutio. "Miaka yote, na hukusema!"

"Ningesemaje? Mimi nakula nyumba hii hii."

Nikakilaza kioo kifudifudi, nikachora bila kukitazama. Amparo akarudi kweli, shingo ndefu, kidevu kimoja. Alhamisi Doña Eduviges alizipitia kurasa, uso ukamkunjuka, kisha ukamkunjamana.

"Sura ndiyo yenyewe. Lakini mchumba wake amekufa, mbona anatazama kama anasubiri basi?"

Hapo nikalipuka. "Sasa unataka nini? Uso wa zamani hauna roho, na wenye roho una videvu! Chagua!"

Alikaa, akachukua tamale langu bila kuomba, akala huku akiitazama dari. Namjua. Akitazama dari hivyo, kwenye gazeti kuna mtu atakufa au atafufuka.

"Mama yake," akasema.

"Mama wa nani?"

"Wa Amparo. Alimwacha mlangoni mwa kanisa akiwa mchanga. Sasa anarudi. Amparo wa zamani atanakiliwa na Nabor, mkono wake haubadiliki. Wewe utamchora mama. Tutasema alikuwa akimfuata mwanawe kwa siri, na wasomaji walioona videvu viwili walimwona yeye."

"Yaani jana bibi harusi, leo mama mkwe."

"Si umepandishwa cheo?" Nabor akadakia. "Mama ndiye hulia kuliko wote."

Nikampiga kwa rula.

Iliniuma, sifichi. Kila tabasamu alilowahi kutabasamu yule msichana, nilianza mimi. Sasa nimkabidhi kwa mtu atakayemchora kama anavyochora farasi, bila kosa na bila kuhisi chochote.

Ikafika siku ya ukurasa wa kukutana. Amparo anafungua mlango, mama amesimama kizingitini. Nabor alimaliza kumchora Amparo hata kahawa haijachemka. Alikuwa yule yule wa mwanzo kabisa, na nilichukia jinsi alivyokuwa mzuri. Mbele yake palibaki duara tupu la uso wa mama, la kwangu. Pembeni Doña Eduviges alikuwa ameandika: mama anamtazama bintiye kama mtu aliyemkosa miaka mingi.

Nikakiinua kioo ili nijaribu kulia, kama kawaida yangu. Nikamtazama Amparo, nikatazama kiooni.

Nabor akaniwekea kikombe. "Leo unaigiza vizuri," akasema.

"Niache, niko kazini."

Akaniangalia tena, akauweka mkono begani kwangu. Sikuwa nimeanza kuigiza. Nikachovya kalamu nikaanza na kidevu.