Keki ya Bi Verlene na Tani Tatu za Baridi

Agosti ya mji wetu wa Lake Charles ni joto la kumfanya mamba abishe hodi kuomba maji ya barafu. Mmoja alinibishia mimi, nikampa, akashukuru. Hilo mkatae mkitaka, lakini ya jirani yangu Bi Verlene Guidry yaaminini yote.

Siku hiyo mjukuu wake alikuwa anaolewa saa kumi alasiri. Keki ya tabaka tatu, iliyopakwa siagi nje, ilikuwa mezani kwake, na kiyoyozi cha nyumba kinapuliza kama pumzi ya mbwa. Saa nne asubuhi nikamkuta muuzaji wa viyoyozi, bwana wa viatu vyeupe, keshatandaza fomu.

"Mama, mashine yako ni ya tani tatu. Nyumba hii inataka tano."

"Odis, afadhali umekuja!" Bi Verlene akaniambia. "Keki inateleza. Nitie sahihi?"

"Usithubutu. Bwana, mweleze mama hiyo tani ni nini."

"Ni... ukubwa wa mashine."

"Wa mashine au wa tumbo lako? Sikiliza, jirani. Zamani watu walijipooza kwa barafu. Tani moja ni nguvu ya kufyonza joto la kuyeyusha tani nzima ya barafu kwa siku. Mashine haitengenezi baridi. Inafyonza joto ndani, inalitupa nje. Hizo tatu zimekutosha tangu marehemu mumeo yuko hai. Niambie ukweli: umefunga matundu yanayoleta hewa ya mashine vyumbani?"

Akaangalia sakafu. "Ya vyumba vinne vya watoto. Wote wamehama. Nipooze vitanda vitupu?"

Ah! Hapo ndipo tunapokosea mtaa mzima. Nikafungua kifuniko cha mashine. Koili, yale mabomba membamba yanayofyonza joto, haikuonekana kabisa: imevikwa barafu nene kama godoro. Ndani yake mlikuwa na mjusi kaganda amenyanyua mguu; alipoyeyuka, akamalizia hatua yake.

"Ukibana hewa," nikasema, "koili inakosa joto la kufyonza, inajigandisha yenyewe."

"Labda kilichogandisha ni gesi ya mashine kupungua," akasema muuzaji.

"Labda. Tutajua saa nane, barafu ikishayeyuka."

Nikaenda kwenye thamostati, kile kidude cha ukutani cha kuamrisha mashine, nikazima upoozaji, nikaacha feni peke yake.

"Unazima? Odis, umerogwa? Keki yangu!"

"Feni inapuliza juu ya barafu, mama. Barafu ikiyeyuka, inafyonza joto la nyumba. Isogeze keki."

Tukafungua matundu yote, keki tukaiweka karibu na tundu la sebuleni. Upepo ukaja baridi, siagi ikakaza. Saa nane koili ilikuwa kavu. Nikawasha upoozaji, na nyumba ikazidi kupoa. Koili haikuganda tena; gesi ilikuwa nzima.

Muuzaji akakunja fomu zake. Bi Verlene akamzuia mlangoni. "Wee, unakwenda wapi? Shika upande ule wa ubao wa keki."

Tukaibeba keki mimi naye hadi kanisani hapo jirani, hatua kwa hatua, Bi Verlene nyuma yetu.

"Ukiiangusha, baba, hizo tani tano nakutwisha kichwani."

Saa kumi kasoro dakika tano tuliitua mbele ya bibi harusi, imesimama wima, na viatu vile vyeupe havina hata tone la siagi.