Aliyebaki Ng'ambo

Kazi yangu ni kutunza magazeti ya zamani. Chumba changu kiko chini kabisa ya jengo la gazeti letu, mlango wa pili baada ya choo, na waandishi hawateremki huko ila wakiwa na shida. Wananiita Bi Makabrasha. Mwanzoni nilikuwa nanuna, siku hizi naitika. Kila siku pia naandika safu fupi ya ukurasa wa pili, "Siku Kama ya Leo": mistari mitatu minne ya mambo yaliyotokea tarehe hiyo miaka iliyopita. Nani alizindua nini, soko gani liliungua, timu gani ilichapwa mabao mangapi. Hakuna mtu anayeisoma, mpaka nikosee. Nikikosea, simu haipumziki.

Kwa hiyo asubuhi ile mlinzi wa getini aliponiambia kuna mama anamtafuta mwandishi wa Siku Kama ya Leo, nilijua nimeharibu. Nikasema ateremke. Akaingia mwanamke mfupi, mnene kidogo, amevaa sare ya bluu ya hospitali iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Alinukia sabuni. Mkononi alishika gazeti letu la siku hiyo.

"Ni wewe uliyeandika hapa?" Akaweka kidole.

Nikasoma maneno yangu mwenyewe. Siku kama ya leo, miaka hamsini na tisa iliyopita, daraja la kwanza la mto wetu lilifunguliwa rasmi. Siku kama ya leo, miaka saba baada ya kufunguliwa, daraja hilohilo lilisombwa na mafuriko.

"Kuna kosa?" nikauliza.

"Sijaja na kosa, dada yangu. Nimekuja kuuliza nimezaliwa lini."

Nikamvutia kiti. Alikuwa mtunza mashuka wa hospitali kuu. Kila shuka, kila pazia na kila gauni la mgonjwa hupita mikononi mwake, na wauguzi wamembatiza Mama Mashuka. Hospitali ilikuwa inatengeneza vitambulisho vipya, na mashine ile mpya haikukubali mtu mwenye mwaka wa kuzaliwa tu. Ilitaka siku na mwezi. Wenzake wasiojua walijiandikia tarehe mosi ya mwezi wa kwanza, yakaisha. Yeye roho ikakataa.

"Mama yangu alikufa nikiwa mdogo," akasema. "Sikuwahi kusherehekewa siku ya kuzaliwa. Nikimuuliza, alikuwa anasema neno moja: ulizaliwa siku ya daraja. Halafu ananyamaza, anageukia kazi yake. Maisha yangu yote najiuliza, siku ya daraja ndiyo siku gani? Leo nakunywa chai kazini, nafungua gazeti, naona daraja. Tena mara mbili, tarehe moja."

"Basi tarehe unayo tayari," nikamwambia. "Umezaliwa leo. Hongera."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Na mwaka? Nina hamsini na tisa au hamsini na mbili? Vyeti vyangu vyote vinasema hamsini na nne."

"Wewe unajionaje?"

"Magoti yanasema hamsini na tisa. Mengine yote yanakataa."

Nikavaa glavu, nikamtolea majalada mawili makubwa. Tukaanza na siku ya ufunguzi. Picha za utepe, za wakubwa wenye kofia, za bendi ya polisi. Nikapekua magazeti ya siku tatu kurasa zote, hata matangazo ya mbwa waliopotea. Hakuna mtoto aliyezaliwa.

Tukafungua jalada la pili, gazeti la siku iliyofuata mafuriko. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha moja kubwa: mto umefura, nguzo mbili zimebaki zimesimama katikati kama meno ya kizee. Yeye alikuwa anaitazama picha, mimi nikaendelea kufunua. Ukurasa wa tano, chini, pembeni, kulikuwa na habari ndogo yenye kichwa: Ajifungulia ghala la magunia.

Nikaisoma kimoyomoyo kwanza. Kisha nikamgeuzia jalada, kwa sababu niliona si haki mtu mwingine amtangulie.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Mwanamke mmoja wa miaka ishirini na mmoja alishikwa na uchungu kando ya daraja, akaingizwa katika ghala la magunia, akazalishwa na wauza mboga wawili. Mtoto wa kike, salama. Mumewe, seremala, alivuka asubuhi kwenda kumchukua mama mkwe wake aje kumwangalia mkewe, na daraja likaondoka kabla hajarudi. Mwandishi alimuuliza mzazi kama ana hofu. Jibu lake liliandikwa kama alivyolisema: "Yuko ng'ambo. Nimemwona kwa macho yangu, amevua koti ananipungia. Maji yakipungua atakuja."

Mama Mashuka akaweka kiganja juu ya mistari ile, akakiacha hapo.

"Hii ndiyo sauti yake," akasema. "Alikuwa anaongea hivihivi. Kwa macho yangu. Kila kitu kwa macho yangu." "Nilikuwa nimeisahau sauti yake, unajua? Uso bado ninao. Sauti ilishaniponyoka."

Kisha akanitazama kama mtu aliyeguswa begani. "Hapa amesema nini? Yuko ng'ambo?"

"Ng'ambo ya mto."

"Hapana," akasema. Akasimama, akakaa tena. "Baba yangu alikwenda ng'ambo. Ulaya huko, sijui wapi. Ndivyo nilivyokua nikijua. Nikiuliza baba yuko wapi, naambiwa baba yako alibaki ng'ambo. Shuleni nilikuwa najisifu, mwenzenu baba yangu yuko ng'ambo. Nilikuwa namsubiri mtu wa posta mpaka akanizoea, akinikuta mlangoni anasema leo bado, binti. Nilipopata akili nikasema, basi, alitutupa. Ana watoto wengine huko, weupe weupe. Nimemchukia mtu huyo, dada. Nimemchukia vizuri, kwa bidii."

Simu yake ilikuwa tayari mkononi. Mama yake mdogo, aliyemlea, bado yuko hai, na masikio yake yameshachoka, kwa hiyo simu zake lazima zipigwe kwa spika. Ikaita. Ikaitikiwa kwa kelele iliyojaza chumba.

"Nani?"

"Ni mimi, mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba! Umekula?"

"Nimekula. Mama mdogo, nina swali. Baba yangu alibaki ng'ambo gani?"

Mlangoni waliokuwa wanatoka chooni walikwisha kusimama. Sikio halilali na njaa. Nikawafungia mlango.

"Ng'ambo ya mto, mwanangu," sauti ile ikasema, ikiwa imeshuka. "Wewe ulidhani ng'ambo gani?"

Mama mdogo akaendelea peke yake, kama mtu aliyesubiri kuulizwa muda mrefu. "Marehemu dada alikataa neno kufa. Mwili haukuonekana. Alisema mtu asiyezikwa hajafa, kwa hiyo yuko ng'ambo, na mkimwambia mtoto vingine mimi na nyie basi. Nikaapa. Alipokufa nikasema nitakwambia ukikua. Ukakua, ukawa huulizi tena. Nikadhani unajua."

"Alikufaje?"

"Majini. Siku ileile. Mimi sikuwepo, nilikuwa mtoto wa shule. Waulize watu wa mjini."

"Na miaka yangu, mama mdogo? Nina mingapi?"

"Aa, hiyo!" Sauti ikapanda tena. "Miwili nilikuongezea mimi. Ulikuwa msumbufu nyumbani, nikakupeleka shule mapema. Mwalimu akasema mkono haufiki sikioni. Nikamwambia mwanangu ana mikono mifupi, ni ya ukoo."

Mama Mashuka alicheka, na kicheko kikageuka katikati ya safari, akajifunika uso kwa kitambaa. Mama mdogo aliita alo, alo, kisha akakata, akidhani mtandao umepotea.

Nilifunua magazeti yaliyofuata bila kuombwa. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu kulikuwa na orodha ya waliopotea, watu kumi na mmoja, na kila mmoja ameandikiwa mistari miwili mitatu. Wa nane alikuwa seremala wa miaka ishirini na sita. Safari hii aliniomba nimsomee.

Nilisoma. Jioni ya siku ya mafuriko, polisi mmoja wa ukingo wetu alitumia kipaza sauti kuwatangazia watu wa upande wa pili habari za jamaa zao. Alimtangazia seremala huyo kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Walioshuhudia walisema alirukaruka. Baadaye, giza halijaingia, yeye na wanaume wawili walijifunga kamba viunoni wakaingia majini kujaribu kuvuka. Kamba ilivutwa ikiwa na watu wawili.

Sikuweza kumtazama. Nilizitazama glavu zangu.

"Rudia pale pa polisi," akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo alijua ni mtoto wa kike."

"Alijua."

"Akarukaruka."

"Imeandikwa."

Maji ya choo cha jirani yalisikika yakijaa. Halafu akasema, si kwangu, "Miaka yote nasema alikwenda. Kumbe alikuwa anakuja."

Tulirudi kwenye picha ya ukurasa wa mbele, kwa sababu ilipigwa kutoka ukingo wetu na ukingo wa pili unaonekana. Nilimpa kioo changu cha kukuzia. Kule kulikuwa na watu wadogo kama punje za mchele, na mmoja, kushoto, kama ameinua kitu.

"Ni yeye?"

Mtu akikuuliza hivyo, ulimi unataka kusema ndiyo. Lakini nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, na najua kioo kikikuza sana hakionyeshi mtu, kinaonyesha nukta za wino. "Sijui," nikasema. "Inawezekana. Sijui."

"Basi niache nimtafute," akasema, akainama tena. Alikaa na kioo kile mpaka saa nane. Nilimletea chai ikapoa.

Nilimtolea nakala za kurasa zote, nikagonga mhuri wa idara. Ofisi ya utumishi ya hospitali ilizikubali baada ya wiki mbili na barua tatu, na mashine ikamtambua: miaka hamsini na mbili. Wenzake walimtania kwamba ameiba miaka miwili serikalini.

Jumapili iliyofuata alinipigia, akasema nimsindikize, hataki kwenda peke yake. Tulivuka daraja jipya kwa miguu. Upande wa pili aliujua vizuri, ana rafiki huko, amepita mara elfu. Lakini siku hiyo alitembea kama mgeni, akisoma kila kibao. Tuliulizia maseremala wa zamani. Vijana wa duka la vitanda hawakujua lolote. Mzee mmoja aliyekuwa anapiga msasa kabati alisimamisha kazi, akafikiri kwa uaminifu, akatikisa kichwa. Walikuwa wengi, akasema. Walikuja na mbao, wakaondoka na mbao.

Tukateremka mpaka ukingoni. Maji yalikuwa machache msimu ule, ya rangi ya chai ya maziwa, mawe yamejitokeza. Kwetu kule lilionekana lile ghala, sasa ni duka la matairi, na mwanamke fulani alikuwa anaanika nguo mbele yake. Tuliweza kuhesabu alichoanika.

"Si mbali," Mama Mashuka akasema.

Nikaupima mto kwa macho.

"Nilikuwa nadhani ni mbali sana." Alivua sweta, kwa sababu jua lilikuwa limepanda, akalikunja mara mbili kama anavyokunja mashuka yake, akaliweka juu ya jiwe, akakaa. Nami nikakaa. Yule mwanamke wa kule alimaliza kuanika, akachukua beseni lake, akaingia ndani.