Nukta Iliyofutwa Lac Vert

Mama Béata hakutaka tovuti ya kupendeza. Alitaka ramani. "Mutu akiwa na simu tu, aone mahali asilale," alimwambia Jamila. Jamila, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu mtaani Mabanga, akakubali kuifanya bure.

Kikundi chao cha kujitolea kilikuwa na watu kumi na mmoja. Walizunguka mabonde ya mawe meusi kutoka Lac Vert kuelekea Sake wakitafuta mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini, isiyoonekana kwa macho, inayotuama chini asubuhi kabla upepo haujaanza. Mbuzi akiteremka humo hapandi tena. Waliteremsha kibatari kwa kamba. Kikizimika, walisimika nguzo nyekundu. Sasa kila nguzo ilikuwa na nukta yake yenye namba kwenye ramani ya Jamila, thelathini na saba kwa jumla.

Wiki ya pili ujumbe ukaingia, bila jina: "Ondoeni namba kumi na nne. Pale hakuna kitu."

Jamila akajibu kwa adabu kwamba walipapima mara tatu.

"Madame Jamila," likaja jibu, "tunakuomba vizuri."

Jina lake halikuwa popote kwenye tovuti.

Alasiri ile alimwonyesha mama Béata. Papa Honoré, mwalimu mstaafu aliyeandika maelezo ya tovuti, naye alikuwapo.

"Wauza viwanja hao," alisema mama Béata. "Tangu kambi za wakimbizi zivunjwe, watu wanatafuta hata pa kuegemea. Hatuondoi."

"Binti yangu," papa Honoré akamwambia Jamila taratibu, "nukta moja tu. Inafaa kweli kugombana?"

"Papa Honoré! Si ni wewe uliyeshika kamba pale?"

Mzee akainuka. Aliondoka, chai yake ikabaki mezani.

Baada ya hapo ujumbe ukakoma. Badala ya kutulia, Jamila akaanza kuwaogopa wateja wasionunua kitu, wale wanaosimama tu mbele ya kibanda wakimtazama mikono.

Siku ya tisa tangu alasiri ile alifungua ramani aongeze nguzo mpya. Akahesabu thelathini na sita. Namba kumi na nne haikuwapo. Tovuti hutunza jina la kila anayeingia kubadilisha kitu, na jina lililokuwapo lilikuwa la papa Honoré, jioni ileile ya chai.

Akairudisha nukta, akabadilisha neno la siri, kisha akapiga simu.

"Niliwapa code, lile neno langu la kuingilia," alisema papa Honoré. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Walinitajia shule ya wajukuu wangu, Jamila. Wakanitajia mwalimu wao. Wakanitajia hata rangi ya mifuko yao. Sikuuliza watafanya nini nayo."

Kesho yake kulipopambazuka, Jamila na mama Béata walipanda pikipiki hadi Lac Vert. Nguzo ilikuwa imeng'olewa na shimo lake kuzibwa kwa kokoto. Hatua chache mbele palisimama nyumba ya mbao, mabati yake bado yanang'aa. Kuku wanne walilala mlangoni bila jeraha lolote.

"Hodi!" aliita mama Béata. "Hodi humu ndani!"

Mwanamke akatokea akishikilia ukuta. Jina lake Bénita, mtu wa Rutshuru.

"Kichwa kinanipasuka, mama," alisema.

"Watoto wako wapi?"

"Wanalala. Leo wamelala sana."

Jamila alivuta pumzi, akaizuia, akaingia. Walikuwa wawili, kwenye mkeka, sakafuni kabisa. Akamburuta mmoja hadi nje, akarudi kwa mwingine, kifua kikimchoma. Wakawapandisha hadi barabarani kwenye upepo. Mvulana alitapika, akalia. Dada yake alichelewa sana kufungua macho, hata mama Béata akaanza kusali kwa sauti. Mwishowe akayafungua.

Bénita aliwakumbatia wote wawili, kisha akamgeukia Jamila kwa hasira.

"Mimi si mujinga. Habari ya mazuku naijua. Kabla ya kununua niliangalia ramani yenu. Niliikuza hivi, kwa vidole. Hapa hapakuwa na kitu. Ni ninyi mulisema hapa ni pazuri!"

Jamila palepale kando ya barabara akatoa simu na kufungua tovuti. Siku zile tisa, watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa wameitazama ramani. Hawakuacha majina wala namba za simu. Mama Béata akatoa daftari lake la vipimo, wakaanza kulinganisha nukta moja baada ya nyingine. Namba tisa ilikuwa imesogezwa mbali na bonde lake. Ya ishirini na mbili pia. Ya thelathini na moja pia.

Jamila akafuta ramani yote. Mahali pake akaandika kwa herufi kubwa: MSIIAMINI RAMANI MLIYOIONA HAPA. Mama Béata akawapigia wenzake waje na kipaza sauti. Waliteremka wakiita nyumba kwa nyumba, na watu wakatoka, wengine wakitukana, wengine wakiuliza waende wapi sasa.

Penye namba tisa palikuwa na vibanda vitatu vipya. Kutoka viwili watu walitoka. Kwenye cha tatu kufuli halikuwapo, viatu vilikuwa mlangoni, na hakuna aliyeitika.

Mama Béata akaweka kipaza sauti chini, akaanza kuusukuma mlango.