Misalaba Minne Kwenye Ekzosi

Nyuzijoto 27

TANGAZO
VYUMA VILIVYOPIGWA MCHANGA VISIGUSWE.
HATA KWA KIDOLE.
HATA NA MWENYE GARI.
*Namkunda Mshana, fundi wa mipako ya kauri, Arusha*

Na wewe msomaji. Mikono nyuma.

Nyuzijoto 181

Kutoka ripoti ya waandaaji wa mbio za magari, mwaka jana:

"Gari namba 14, dereva Elirehema Msuya, lilisimama kilomita ya tisa ya mlima. Joto la ekzosi, nyuzi 181 chini ya boneti, lilichemsha mafuta ya breki na kuunguza mpira wa petroli. Moto ulizimwa. Dereva aliungua mkono wa kushoto."

Ripoti haikuandika kwamba mama yake aliichukua helmeti, akaifungia kabatini pamoja na vitenge vyake.

"Safari nyingine ukinitolea moshi, Eli, basi. Mbio zimekwisha. Niahidi."

Akaahidi.

Nyuzijoto 27, Ijumaa asubuhi

Namkunda hakuwa mtu wa kubahatisha. Alizaliwa Upareni na mama mfinyanzi, akaujua moto kabla ya kujua kusoma. Elirehema alipomletea mabomba manne ya ekzosi na kumwomba alizuie joto, alicheka.

"Joto halizuiliki, kaka. Linaonyeshwa njia. Nalifungia humo bombani kwa kauri, litoke na moshi huko nyuma. Mbio ni kesho, sivyo?"

"Kesho. Una uhakika lakini?"

"Mimi sijui kusema labda."

*Kazi za leo:*
kuchoma mafuta yote ya zamani
kupiga mchanga kwa mashine, kutu itoke
kuosha
kuning'iniza kwa waya, yakauke
kwenda kunywa chai

Hapo penye chai ndipo—

Nyuzijoto 260

Saa sita alifungua tanuri. Kauri ilikuwa imeshika, ya kijivu, laini kama kikombe kipya. Isipokuwa mahali pamoja kwenye kila bomba, palepale, ilikuwa imebabuka. Mstari wa kusimama. Mstari wa kulala.

Misalaba.

Minne.

Nje, kwenye benchi, Mama Eli alikuwa amekaa tangu asubuhi, na kichupa cha mafuta ya upako kiko mkononi.

"Mama, tangazo hukuliona?"

"Nimeliona, mwanangu. Nikajua ni la wateja."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mama."

Haya, jibu wewe unayesoma. Namkunda alikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka, na bado alimwonea huruma. Mafuta ni mafuta, yawe ya chipsi, yawe ya upako. Kauri haishiki juu yake. Mabomba yakienda mlimani hivi, joto litatokea penye misalaba. Palepale mama alipomwombea mwanawe.

"Naibandua kauri yote, Mama. Naanza upya."

"Unaifuta sala yangu?"

Namkunda akavua glavu, akanyoosha viganja.

"Mpake anayefanya kazi. Bomba halina roho."

Mama Eli akapaka msalaba kila kiganja.

"Bwana, mikono hii ya binti huyu, mwanangu asije tena aka—"

Namkunda hakungoja amina. Alivaa glavu juu ya sala, akarudi kwenye mchanga. Kabla ya jua kuzama tanuri lilikuwa limefunguliwa mara ya pili, na hapakuwa na doa.

Hata moja.

Nyuzijoto 74, Jumamosi

*Redio ya waandaaji:* "Kumi na nne amepita kilomita ya tisa. Narudia, amepita."

Kwenye kituo cha matengenezo Namkunda alichomeka kipimajoto chini ya boneti. Sabini na nne. Alisoma mara mbili, si kwa wasiwasi, kwa raha tu.

"Mafuta ya breki yametulia," alimwambia Elirehema. "Nilikuambia."

"Uliniambia, dada."

Ilibaki hatua moja ya mbio. Kilomita ishirini na mbili, mlima mtupu.

Nyuzijoto ____

Helmeti ilikuwa kifuani kwa Mama Eli. Kila mara gari liliposimama alimnyang'anya mwanawe, na kila safari alichelewa zaidi kuirudisha. Sasa alikuwa anaitazama boneti iliyokwisha kufungwa.

"Nishike?"

Namkunda, yuleyule mwenye tangazo, akasema:

"Shika, Mama."

Akaweka kiganja. Mwaka jana rangi ya boneti hiyo ilivimba kwa moto. Kiganja kikakaa.

Kikakaa.

Mpaka namba kumi na nne ikaitwa. Ndipo akamvalisha Elirehema helmeti yeye mwenyewe, akamfunga mkanda wa kidevu polepole, kama alivyokuwa akimfunga vifungo vya shati la shule.

"Nenda," alisema. "Ukija na moshi, uwe nyuma yako."