Mwanamke Asiyetaka Kutajwa

Kwa miaka mingi Ardis Tollefson ndiye aliyeshika kichwa cha mnyororo wa maombi wa kanisa la Kilutheri la Nordby. Mtu akivunjika nyonga, akifiwa, au mwanawe akipotelea jijini Minneapolis, habari hufika kwanza kwa Ardis. Ardis humpigia simu LaVonne Brekke, LaVonne humpigia anayemfuata, na kabla ya kahawa ya saa nne wanawake wote wa kanisa wameshainamisha vichwa. Kanuni ni mbili tu: usiongeze chumvi, na usimruke mtu. Ya pili huheshimiwa.

Jumatatu moja habari aliyokuwa nayo Ardis ilikuwa yake mwenyewe. Wiki iliyotangulia madaktari wa mji wa Fargo walikuwa wameona uvimbe kwenye utumbo, na Alhamisi hii wangeukata. Hawakujua ni wa aina gani. Tangu aambiwe hivyo usingizi ulimhama, na nyumba, ambayo ilikuwa kimya tangu mumewe Norman afariki, sasa ilikuwa kimya kiasi kwamba alianza kulisemesha jokofu. Alitaka kuombewa kama mwenye kiu anavyotaka maji. Asichotaka ni kutazamwa. Alijua wanavyotazamwa walioombewa kwa jina, pale kwenye ukumbi wa chini ya kanisa baada ya ibada: watu huinamisha shingo upande, hupunguza sauti. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuinamisha shingo.

Basi akampigia LaVonne.

"Tumwombee mwanamke mmoja wa hapa kwetu," alisema. "Anapasuliwa Alhamisi, na anaogopa."

"Nani?"

"Hataki kutajwa."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako, LaVonne."

"Haya. Mungu anamjua," alisema LaVonne, kwa sauti ya mtu ambaye naye atamjua kabla ya chakula cha mchana.

Alichelewa kidogo tu. Jumanne asubuhi alipiga simu.

"Tumeshamjua, mwenzangu. Usikatae wala usikubali. Ni Verla Haugen. Jumapili aliondoka bila kunywa kahawa. Keki ya ndizi ipo mezani, Verla anavaa koti. Mzima angefanya hivyo? Nimeshampelekea bakuli."

Huko Nordby huzuni hutibiwa kwa bakuli: nyama ya kusaga chini, supu ya uyoga ya kopo katikati, viazi juu, tanuri mpaka viwe vyekundu. Chini ya bakuli hubandikwa jina la mwenyewe, maana machozi hukauka lakini chombo lazima kirudi.

Ardis angeweza kusema si Verla. Lakini swali la pili lingekuwa ni nani. "Mungu anamjua," alisema, akakata simu.

Mwanzoni alipumua. Kisha akasimama kwenye dirisha la jikoni, akatazama nyumba ya Verla ng'ambo ya barabara. Magari yalikuwa yanaegeshwa. Wanawake walikuwa wanaruka theluji na mabakuli yaliyoviringishwa taulo. Waliingia, walikaa, walitoka wakifuta macho. Na Ardis Tollefson, mtu mzima, mjane mwenye heshima zake, akaona wivu juu ya uvimbe wake mwenyewe.

Jumatano alasiri mlango uligongwa kwa teke.

"Fungua, bibi wewe, mikono inaganda."

Alikuwa Verla, mfupi, ndani ya koti la marehemu mumewe, na mojawapo ya yale mabakuli kifuani. Alivua buti, akaweka bakuli mezani, akakaa bila kukaribishwa.

"Nasikia naumwa," alisema.

"Na mimi nimesikia."

"Nimewaambia mimi ni mzima. Wananishika mkono, wananiambia nijikaze. Mume wa LaVonne amekuja kunizolea theluji. Miaka yote nazoa mwenyewe, hajawahi hata kunipungia mkono. Shoga, nimeanza kujisikia vibaya kweli."

Ardis alicheka, na kicheko kikamshtua, maana wiki nzima hakikuwahi kupita pale.

"Jumapili ilikuwaje basi?" aliuliza.

"Meno ya bandia, mapya. Yananikata. Ningekula keki ile ningelia mbele ya mchungaji." Verla alijisogeza mbele. "Sasa sikiliza. Wanawake wote wa mnyororo wamenipigia kuniuliza hali. Hata Inga, ambaye hatusemezani naye tangu harusi ya binti yake. Mmoja tu hakupiga, na namwona dirishani kwake kutwa. Nikajiuliza, Ardis huyu, anayeombea mpaka paka wa mchungaji, mbona hana habari na kifo changu?"

Ardis alitazama mikono yake.

"Kwa sababu anajua sifi," alisema Verla.

"Ni jambo dogo."

"Dogo kiasi gani?"

"Hawajui mpaka wakate."

"Nani anakupeleka Fargo?"

"Naendesha mwenyewe."

"Na kurudi? Utapanda gari na tumbo la kushonwa kama mto wa kochi? Mwanao Curtis je?"

"Curtis yuko Arizona, ana kazi nyingi. Sikutaka kumsumbua."

"Ulimzaa kwa nini, kama si ili akusumbue na wewe umsumbue?"

Ardis alitaka kujibu kwa mzaha, kama kawaida yake, ila mzaha haukuja. "Naogopa, Verla," alisema. "Nikilala naogopa, nikiamka naogopa. Nikiinama kusali maneno hayapandi. Mimi, niliyekuwa nawafundisha wengine. Upande ule wa simu najua la kusema. Upande huu sijui."

Verla hakuinamisha shingo upande. Alisonya.

"Yule mwenye kupooza wa kwenye Injili, aliyeshushwa darini mbele ya Bwana, alibebwa. Hatusomi kwamba alisali sala nzuri. Wala hatusomi kwamba aliomba asitajwe. Walioshika kamba ndio walioamini, na Bwana akaona yatosha. Lakini walimjua wanayembeba, Ardis. Sisi wiki hii tumetoboa dari bure, tumemshusha mtu asiyeumwa."

Kisha alimshika mkono. Walutheri wa Nordby husali kwa kitabu. Bila kitabu hutembea kama ng'ombe juu ya barafu. Verla alifumba macho akaingia kwenye barafu.

"Bwana, ni Verla. Yale maombi uliyoletewa kwa jina langu tangu juzi, mimi sina shida nayo, ukiacha meno. Mpe Ardis yote. Anaogopa, na wewe unajua kuogopa, uliwahi kuogopa bustanini, usiku uliokamatwa. Kaa naye kwenye chumba ambacho sisi tutazuiwa mlangoni. Tulize mikono ya madaktari. Usiku wa leo mpe usingizi. Na umpunguzie kiburi, ila usikate chote, tunakihitaji kwenye kamati ya kahawa. Amina."

"Amina," alisema Ardis, na machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni.

"Kesho nakupeleka mimi. Sasa waambie," alisema Verla, akamsogezea simu. Ardis aliitazama kana kwamba ndiyo kisu chenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo alijua. Akapiga.

"LaVonne. Kuhusu yule mwanamke."

"Maskini Verla. Jana nilimkuta amejikaza, anajifanya mzima kabisa..."

"Si Verla. Ni mimi."

Ardis alisubiri ile sauti ya chini, ya pole.

"Saa ngapi wanakukata?" aliuliza LaVonne, kwa sauti yake ileile ya kugombeza kuku.

"Saa mbili asubuhi."

"Basi tutoke saa kumi na moja alfajiri. Gari langu lina joto."

"Verla yuko hapa, anasema atanipeleka yeye."

"Gizani Verla haoni hata kanisa likiwa mbele yake. Akae nyuma. Na mwambie kwamba mume wangu anamdai nguvu alizomzolea theluji." LaVonne alivuta kamasi, akajifanya anakohoa. "Sasa kata simu, Ardis. Nina watu wa kuwapigia, na safari hii nina jina."